Tulimngojea Elisi yupi?

Ndugu zangu, naandika kutoka Auburn, hapa magharibi mwa Sydney. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nasoma tu na kunyamaza wakati wenzangu mnavutana kuhusu filamu zinazotokana na vitabu, na hasa lile swali linalorudi kila mara kama homa ya vipindi: je, filamu iwe aminifu kwa kitabu au la? Leo naomba kuchangia. Samahani kwa urefu, mnanijua nikianza kukoma ni kazi.

Hoja yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike. Mtu anayeingojea filamu ya kitabu alichokipenda utotoni anangojea kitabu chake kirudi. Na kwa kuwa kila mtu alishika nakala yake, kwa lugha yake na picha zake, watu wawili waweza kusimama foleni moja, wakakata tikiti bei moja, na bado wakawa wanangojea vitu viwili mbalimbali. Kwa hiyo anayeuliza kama filamu ni aminifu kwa kitabu, naye aulizwe kwanza: kitabu kipi?

Nina mfano, na mfano wenyewe uliniuma.

Wale mliokuwa Ulaya, Marekani au huku kwetu mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mtaikumbuka ile vurumai. Tim Burton alikuwa anatengeneza upya kisa cha Alice, kile kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, kwa ajili ya Disney. Picha za kwanza za Johnny Depp akiwa yule mshona kofia mwendawazimu, nywele rangi ya chungwa, zilitoka katikati ya 2009, na watu wakaanza kubishana miezi mingi kabla ya filamu yenyewe. Disney nao wakauchochea ule moto. Wakafungua makundi kwenye Facebook, moja la raia watiifu wa Malkia Mwekundu, moja la Malkia Mweupe, moja la wafuasi wa mshona kofia, eti kundi litakalopata watu wengi ndilo litakalotangulia kuonyeshwa trela. Watu wazima na akili zao wakajiandikisha uraia wa nchi isiyokuwapo! Halafu Februari 2010 huko Uingereza, Odeon, wenye majumba mengi ya sinema, wakatishia kutoionyesha kabisa, kwa sababu Disney walitaka kupunguza muda wa kungoja DVD kutoka wiki 17 hadi 12. Mashabiki wakashika vichwa. Yakazungumzwa, yakaisha. Na huku Australia tulikuwa na sababu yetu ya ziada ya kuisubiri: Alice mwenyewe aliigizwa na Mia Wasikowska, binti wa Canberra.

Nyumbani kwangu nako kulikuwa na shabiki mmoja, miaka saba, binti yangu. Lakini yeye hakujua habari za Depp wala za Facebook. Yeye alikuwa na kitabu.

Kitabu chenyewe ni kile cha zamani, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, kilichotafsiriwa na E. V. St. Lo Conan-Davies na kuchapishwa na Sheldon Press, London, mwaka 1940. Nakala yetu ilikuwa ya marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jalada lilishatoka, pembe zimeliwa na mchwa, na ilisafiri hadi huku ndani ya bahasha moja na vyeti vyangu vya shule, maana ndivyo nilivyovithamini. Usiku nilimsomea binti yangu ukurasa mmoja, mara nyingine nusu, kwa sababu Kiswahili cha 1940 kilimgomea na ikanibidi nikipindue kidogo njiani. Wengi wenu mnajua sifa ya toleo lile: Elisi amechorwa mtoto wa kike wa Kiafrika. Michoro inafuata ile maarufu ya John Tenniel, lakini mtoto ni wa kwetu. Binti yangu hakuliona hilo kuwa jambo la kushangaza. Atashangaa nini? Kitabu ni cha Kiswahili, babu yake alikuwa nacho, na msichana aliyemo ni mweusi kama yeye. Mambo yamekaa sawa.

Filamu ilifunguliwa hapa Alhamisi tarehe 4 Machi 2010. Kalenda yetu ya jikoni tulipewa na mwenye duka la nyama, na binti aliziwekea alama ya kalamu nyekundu siku zote mpaka Jumamosi, siku niliyomwahidi. Mnaoijua Auburn mtapata picha: tunapita Auburn Road, harufu ya mkate wa Kituruki, maduka ya Wachina, Waafghani na Walebanoni, minara ya msikiti wa Gallipoli kwa mbali, kisha huyoo mpaka jumba la sinema la Parramatta Road. Ukumbi umejaa mataifa yote, kila mmoja na miwani yake ya 3D, maana *Avatar* ilikuwa imetoka Desemba na dunia nzima ilikuwa inavalishwa miwani.

Tumekaa. Filamu imeanza. Elisi wa Canberra ameonekana akiwa na gauni lake la buluu, amepanda gari la farasi na mama yake, amefika kwenye karamu, amekwishasema maneno mengi tu. Binti yangu akaniinamia sikioni: "Baba, Elisi atatoka saa ngapi?"

Nikamwambia, "Ndiye yule."

"Yule nani?"

"Yule mwenye gauni la buluu."

Akanyamaza. Akaivua miwani, akaangalia bila miwani, akaivaa tena. Hakuuliza lingine mpaka tulipofika nyumbani, amesimama na kitabu mkononi: "Kwa hiyo kitabu chetu kimekosea?"

Na mimi, mtu niliyesomea lugha hii na kuifundisha, nikamjibu kwa uvivu: "Hapana mama, hicho chetu ni tafsiri tu."

Ndugu zangu, hilo "tu" ndilo lililonileta hapa leo.

Maana ukikifikiri vizuri, kisa kile kikiingia Kiswahili hakibaki kilivyokuwa, wala hakipungui. Mchukueni Sungura. Kwa mtoto wa Kiingereza sungura aliyevaa kizibao na kubeba saa ya mfukoni ni kichekesho kwa sababu ya kizibao na saa. Kwa mtoto wa Kiswahili kichekesho ni kikubwa zaidi, kwa kuwa yeye anamjua Sungura tangu zamani: ndiye bingwa wa hila, aliyemchezea Fisi, aliyemtia Simba kisimani. Sasa leo huyu hapa anakimbia huku anatweta, anaogopa kumchelewesha bibi mkubwa, kama karani wa serikali aliyesahau faili. Mjanja wa hadithi zetu amegeuka mtumishi mwoga! Carroll hakuliweka hilo. Limewekwa na lugha yenyewe na kumbukumbu ya anayesikiliza.

Au ile karamu ya chai. Carroll anasema Wakati uligombana na mshona kofia, ukamkomea saa sita ya Kizungu, na ndiyo maana pale ni wakati wa chai milele. Sasa igeuzeni kwa saa zetu: ni saa kumi na mbili jioni. Huo si wakati wa chai hata kidogo. Ni magharibi. Ni ile saa mama anayoita watoto waingie ndani, jua limeshuka, giza halijashika, na wazee wanasema si saa ya mtoto kuzurura. Karamu iliyokwama saa hiyo haichekeshi peke yake, inatisha pia. Nilimweleza hivyo binti yangu usiku mmoja, akajifunika shuka mpaka puani. Huyo ndiye Elisi aliyekuwa anamngojea: mtoto mweusi aliyeachwa nje saa ya magharibi, na Sungura wa kumwokoa hayupo, kwa kuwa naye anaogopa.

Kabla wenzangu hamjanirukia, najua mtakalosema. Elisi wa 1940 naye hakuota shambani kwetu. Sheldon Press ilikuwa mkono wa SPCK, watu wa misheni. Mfasiri alikuwa Mzungu. Na Kiswahili chake ni kile sanifu kilichokuwa kinasimamiwa na ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili makoloni manne yasome kitabu kimoja. Kumpaka Elisi rangi yetu kulikuwa pia ni kazi ya ukoloni: mtoto ni wetu, ila malkia, mahakama na amri ya kukata vichwa vimebaki vya kwao. Nakubali yote. Lakini kitabu hakina mwenyewe mmoja. Baba yangu alikipokea, akakisomesha darasani kwa sauti yake na mizaha yake, akanipa. Kilikuja kwa meli ya mkoloni, sawa. Na mchele tunaoula siku ya sikukuu nao ulikuja kwa jahazi.

Sasa tumgeukie Burton, maana uhakiki bila kumgusa mhusika ni majungu. Filamu ile ina macho mazuri, siwezi kukana. Ilipata Oscar mbili, ya mandhari na ya mavazi, na zote zilistahili. Kosa lake liko kwenye mifupa. Alice wa Carroll ni mtoto anayeuliza. Kila anayekutana naye anamjibu ovyo, naye anaendelea kuuliza. Ushujaa wake wote ni huo. Burton amemfanya msichana wa miaka 19 ambaye ameandikiwa tangu zamani, katika hati ya utabiri, kwamba atavaa deraya na kumkata kichwa zimwi. Yaani kitabu kilichokejeli kila amri kimegeuzwa filamu ya mtu kutii alichoandikiwa. Mashabiki walioapa kwa miezi tisa kwamba wanakipenda kitabu hawakulalamika sana juu ya hilo. Waligombania nywele za Depp.

Na mwisho wake je? Alice anarudi juu duniani, anakataa mchumba (vizuri sana), kisha anaingia katika kampuni ya biashara ya marehemu baba yake, anashauri meli zifike mpaka China, na tunamwacha amesimama kwenye merikebu inayong'oa nanga. Muziki juu, watu wanafuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa Auburn, katikati ya familia za Kichina, nikawa najiuliza kama nao wanakumbuka meli za Waingereza za karne ile zilipeleka nini kwao. Zilipeleka kasumba, na mizinga ya kuilinda. Sisi wa pwani tunazijua kampuni za namna hiyo: ya Wajerumani ilipewa hati yake 1885, ya Waingereza 1888, zote zikaja na daftari la biashara mkono mmoja. Filamu inataka tuone huo ndio ukombozi wa msichana. Kwa hiyo usinambie Elisi wa 1940 ndiye wa kikoloni na huyu wa 2010 ndiye wa kisasa. Wote wawili wametoka bandarini. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza alishuka kwetu na akajifunza lugha.

Filamu ilikusanya zaidi ya dola bilioni moja duniani. Miaka sita baadaye, 2016, ikatoka ya pili, mwongozaji akiwa James Bobin, ikaishia chini ya dola milioni 300. Lile jeshi la watiifu wa malkia lilikwenda wapi? Sababu ziko nyingi, lakini mimi naona mojawapo ni hii: mwaka 2010 watu walileta penzi la kitabu, wakalitumia lote siku moja. Filamu haikuwarudishia kitu cha kungojea tena.

Turudi kwetu. Mwaka 2015, kitabu kilipotimiza miaka 150, ilitoka tafsiri mpya, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya Ida Hadjivayanis wa SOAS, ambaye baadaye, 2022, alitupatia *Peponi* ya Gurnah kwa Kiswahili. Niliifurahia sana. Hatimaye Alisi anazungumza Kiswahili cha mtu aliyekinyonya! Ila angalieni kinaya chake: toleo hilo, lililochapishwa na Evertype, limerudi kwenye michoro ya Tenniel. Mwaka 1940 maneno yalikuwa ya mgeni na sura ikawa yetu. Mwaka 2015 maneno ni yetu na sura ni ya mgeni. Simlaumu mfasiri hata chembe, kazi yake ni maneno na ameifanya. Nasema tu kwamba mtoto wetu bado hajapewa vyote viwili katika kitabu kimoja. Na mtoto asiyepewa kitabu hana cha kungojea.

Hilo la mwisho nililiona waziwazi mwaka 2021. Mnakumbuka: *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, riwaya ya 1999, ilitengenezwa filamu na Amil Shivji, ikaonyeshwa kwanza Toronto Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye Oscar. Najua si kitabu cha watoto, lakini wengi wetu tulikutana nacho shuleni, tukiwa na umri wa kuwaka. Sisi wa Auburn tuko ndani ya halmashauri ya Cumberland, na wakati ule wa korona tulikuwa tumewekewa amri ya kutotoka nje usiku, saa tatu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Basi tulikesha kwenye simu. Denge ataigizwaje? Lafudhi ya Unguja itasikika kweli au watatuletea ya Dar? Mwajuma atapewa nafasi yake au atafanywa shoga wa pembeni? Na Bukheti, watamweka au watamtupa? Koplo Matata je? Kila mtu hakimu. Raha tupu, jamani. Hakuna aliyeuliza Yasmini atatoka saa ngapi, kwa sababu wote tulikuwa na kitabu kimoja kichwani.

Wote, isipokuwa mmoja. Binti yangu, sasa miaka 18, alikaa pembeni anatusikiliza akitabasamu kwa adabu. Hakuwa amekisoma. Baada ya lile "tu" langu la 2010 tulikuwa tumepunguza kusoma, shule ikazidi, Kiingereza kikatawala, na mimi nikajisingizia kazi. Filamu aliipenda alipoiona baadaye. Lakini kuipenda filamu na kuingojea ni mambo mawili. Mlango wa sinema uko wazi kwa kila mwenye nauli. Kungojea kunataka mtu uwe umerithishwa kitu.

Ndiyo maana siku hizi sishtuki sana nikisikia filamu fulani "imekiharibu" kitabu. Kitabu chenye wasomaji hakiharibiwi na filamu, kina watu wa kukitetea. Kinachonitisha ni kile ambacho hakuna anayekingojea. Mtazameni Shaaban Robert na *Adili na Nduguze*, ya 1952. Mtu anayelazimika kuwachapa nyani wawili kila usiku huku analia. Mji mzima wa watu waliogeuka mawe. Msichana mmoja aliyesalia hai ndani yake. Mfalme anayetaka kujua siri. Burton angeuza nyumba apate kisa kama hicho! Na nani kati yetu anayebishana leo juu ya nani aigize Adili? Methali zetu zinasema mambo mawili: subira huvuta heri, na ngojangoja huumiza matumbo. Sisi tumefika mahali pa tatu ambapo methali haijatungwa, pa watu wasiongojea chochote.

Mwaka jana nilimpigia simu binti yangu, yuko Melbourne kikazi, nikamwambia kwamba kitabu chetu hakikukosea. Akacheka sana. "Baba, bado unalo hilo?" Ninalo. Kisha akaniomba nimpelekee kile kitabu, nikampelekea, kimefungwa vizuri kwa sababu ya mchwa wa zamani.

Kwa kitindamimba wetu, ana miaka tisa, nimeanza na *Adili*. Tunakwenda polepole, maana Kiswahili cha Shaaban hakimezeki mara moja. Tulipofika penye nyani aliuliza kama kuna filamu yake. Nikamwambia hakuna. Akafikiri kidogo, akasema nyani wasiwe wa kompyuta, wawe watu wamevaa, ili tuone macho yao. Nimeona niwaletee wazo hilo kabla halijapoa.

Basi nyinyi wa Muscat, Bayreuth, Toronto na kwingineko, naomba mniambie: nyumbani kwenu watoto wanangojea kitabu gani? Na kama hawangojei, tatizo ni sinema, au ni sisi?

Nawasilisha.